Ukuta wa Mama Jedidah

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya michoro, kurasa zake zina visanduku vidogo. Leo nimeligeuza na kuanza kuandika kutoka nyuma, kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia.

Mvua ndefu zimeanza. Kwa mtu mwingine hapa Suna, mjini Migori, hiyo ni habari njema. Kwa karakana yetu maana yake ni kwamba kazi yote imetoka uwanjani na kuingia ndani, milango imefungwa ili mbao zisilowe, na vumbi lililokuwa likienda zake na upepo sasa linabaki nasi. Tuko wanne. Mzee Japheth ndiye mwenye karakana. Elvis, mpwa wake, yuko kwenye mashine ya randa. Mama Phelesia na mimi tuko kwenye msasa, kona ya nyuma, chini ya dirisha lililopigiliwa misumari kwa sababu ya wezi.

Phelesia amepiga msasa miaka kumi na minne. Hapimi ulaini kwa kidole kama sisi wengine. Anasugua, anapuliza vumbi kwa mdomo, kisha anainama na kupitisha shavu la kushoto juu ya ubao, macho yamefumbwa. Akisema "bado" ni bado. Niliwahi kubishana naye mara moja, nikapaka vanishi kwa kiburi changu, na vanishi ikaonyesha kila mkwaruzo.

Leo amekohoa mpaka akashika meza. Mzee Japheth akampelekea pakiti ya maziwa mwenyewe, akamfungulia kwa meno. Kila siku saa nne hutununulia maziwa, pakiti moja kila mtu, hajawahi kukosa hata siku moja. Maziwa husafisha kifua. Hivyo ndivyo mafundi wote wa Migori wanavyoamini, na hivyo ndivyo baba yangu Maroa alivyoamini alipokuwa akisaga mawe ya dhahabu kule Macalder. Alikunywa maziwa miaka tisa. Maziwa hupita kooni kwenda tumboni, na tulipomzika nina hakika tumbo lake lilikuwa safi kabisa.

"Kunywa, nyathina," Phelesia ameniambia, yaani mwanangu. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, lakini neno hilo nimeshalizoea.

"Kunywa yangu pia, Mama. Mimi sinywi dawa ya uongo."

Amekunywa zote mbili, ananiangalia kama anavyoangaliwa mtoto asiyejua dunia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Milango imefungwa. Phelesia ana kioo kidogo amekitundika kwenye msumari juu ya meza yetu, cha kujifutia uso kabla ya kwenda nyumbani. Hukifuta kila asubuhi. Ilipofika saa nne ya maziwa nilitaka kutazama meno yangu, vumbi lilikuwa limeshakiziba.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Maziwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempeleka Phelesia kliniki kwa nguvu. Alikuwa ameshapimwa kifua kikuu mara tatu maishani, na mara zote tatu hana. Daktari amemuuliza kazi yake, akamuuliza ni mti gani. Alipomwambia ni mvule, daktari ameweka kalamu chini. Amesema mapafu yanaanza kukakamaa. Akitoka kwenye vumbi sasa ataishi nayo. Akibaki, itafika siku atatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na hewa itakuwa imemwishia.

Njiani nilimuuliza atafanya nini.

"Nifanye nini, Milka? Nikalime? Na kifua gani? Mikono yangu inajua kitu moja tu."

"Basi vaa barakoa."

"Na shavu nitaweka wapi?"

Nilimkasirikia njia nzima. Nilimwona mjinga na mkaidi, mtu wa maziwa. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba ndivyo nilivyomwona.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna wakubwa wachache duniani wanaosikiliza, na mmoja wao ni Mzee Japheth. Nilipoacha chuo cha ufundi nusu njia, karakana zote za mji huu ziliniuliza kama nimekuja kupika chai. Yeye aliniuliza kama naweza kusoma futi. Leo nimemweleza maneno ya daktari. Akajikuna kidevu, akasema kuna shule moja Homa Bay inataka madawati mia mbili, na bodi yao imeandika kwamba mkaguzi lazima aje aone jinsi karakana inavyolinda vifua vya wafanyakazi.

"Wewe si ulisomea hizi vitu? Chora. Tutengeneze kitu ya kuvuta hii vumbi yote."

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama msichana wa darasa la tatu.

Jumapili, 30 Machi

Nimechora siku nzima. Naandika hapa kwa maneno, ili nijue kama nimeelewa.

Meza ya msasa itakuwa na uso wenye matundu, kama kichungi cha chai, na chini yake sanduku lililozibwa pande zote. Kutoka kwenye sanduku, bomba la inchi sita. Bomba linaingia ubavuni mwa pipa la mafuta, hewa inazunguka ndani ya pipa, kilicho kizito kinaanguka chini. Baada ya pipa, feni. Baada ya feni, bomba fupi linalotoboa ukuta na kutoka nje. Basi. Vumbi litavutwa kwenda chini kabla halijafika puani. Phelesia atainama na shavu lake kama kawaida na hakuna atakayemwambia avae kitu usoni.

Kila kitu hapo kinategemea tundu la ukutani. Vumbi lile jepesi, lisiloonekana, ambalo pipa haliwezi kulishika, ndilo linaloua, na hilo lazima litoke nje ya nyumba.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kubwa. Elvis amenitania kwamba nachora choo cha kisasa. Phelesia ametazama mchoro, ameuliza meza itakuwa na kimo gani. Nimempima kutoka sakafuni hadi kiunoni. Amekohoa nikimpima, tepu ikaniponyoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Macalder kutafuta feni. Wachimbaji wana feni kubwa za kusukuma hewa shimoni, na Mzee Oliver, aliyechimba na baba, alikuwa na moja iliyokaa tu tangu shimo lake lijae maji.

"Hii imewapa watu pumzi huko chini miaka tatu," ameniambia. "Sasa wewe unataka ivute?"

"Feni ni ile ile, Mzee. Inategemea umesimama upande gani."

Amecheka, akasema naongea kama Maroa. Kisha akakohoa, na tukaipakia feni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikufanya chochote.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Milango imefungwa, hata ule mdogo. Maziwa. Meza ya matundu imekwisha, nimetoboa matundu mia nne na themanini. Phelesia amepitisha shavu juu yake akasema bado, nikaipiga msasa tena, mimi injinia wa watu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefurahi na nimeudhika, na sijui kipi ni kikubwa.

Asubuhi nilichora kwa chaki ukutani mahali pa kutoboa, sentimita ishirini kwa ishirini. Mzee Japheth akaja, akaifuta chaki kwa kiganja.

"Hapo hapana, Milka. Mama Jedidah amekataa. Anasema hakuna mtu ataguza ukuta yake."

Mama Jedidah ndiye mwenye ploti. Anaishi upande wa pili wa ukuta huo huo. Nikipiga msasa nasikia kuku wake.

"Sasa hewa itatokea wapi, Mzee?"

"Weka mfuko. Nimeona karakana moja Kisumu, wameweka mfuko mkubwa ndani kwa ndani. Hewa inatoka, vumbi inabaki. Na feni haiibiwi."

"Wao wana kitambaa maalumu. Sisi tutashona gunia. Vumbi ya msasa ni laini kushinda unga ya ngano. Itapita."

"Yote itapita?"

"Ile mbaya ndiyo itapita."

"Lakini ile kubwa itabaki?"

"Itabaki."

"Basi huo ni mwanzo. Haba na haba."

Mhimili pekee unaoweza kubeba mfuko mkubwa namna hiyo uko juu ya kona yetu. Kwa maneno mengine, kinachovutwa chini ya pua ya Phelesia kitarudishwa juu ya kichwa chake.

Ningeweza kwenda kwa Mama Jedidah mwenyewe nikamwomba. Ni hatua thelathini, nimezihesabu. Lakini nimelelewa kwetu Kehancha, na kwetu mtu hamruki mkubwa wake. Mkubwa akishasema ameongea na mwenye mji, wewe huendi kuuliza tena, maana utakuwa umemwita mwongo mbele ya watu.

Halafu mchana wakaja wageni wa ile shule ya Homa Bay, mwalimu mkuu, Bi Celestine, na mwenzake wa bodi. Mzee Japheth akaniweka mkono begani. "Huyu ndiye injinia wetu. Mchoro wote ni wake, mimi nimesimama tu." Bi Celestine akanipa mkono, akasema angependa wasichana wake wanione. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo bila kucheka. Nikawaeleza yote, nusu saa nzima, pipa, mzunguko, feni. Aliponiuliza hewa inaishia wapi, nikaonyesha mhimili.

"Inachujwa," nikasema.

Nitamwambia Mzee kesho kwamba haiwezekani.

Jumamosi, 10 Mei

Sikumwambia.

Jumatatu, 12 Mei

Phelesia ndiye ameshona mfuko, gunia juu ya gunia, mishono miwili. Alipokuwa akishona aliuliza swali ambalo Bi Celestine alishaniuliza, ila yeye hajasoma na hatafuti la kuandika kwenye ripoti.

"Na hii hewa ya mfuko si itarudi kwetu?"

"Nje haiwezekani, Mama. Mama Jedidah amekataa ukuta wake."

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Basi," amesema, akakata uzi kwa meno. "Ukuta ni wake."

Jumatatu, 19 Mei

Tumeiwasha. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Feni ilinguruma, meza ikavuta, na vumbi la msasa likazama ndani ya matundu kama maji. Phelesia aliinama na shavu lake, na ncha ya kitambaa chake cha kichwa ikanaswa kwenye tundu. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mwaka huu.

"Yawa! Inataka kunimeza!"

Elvis aliniita injinia, safari hii bila choo. Mzee Japheth amenunua maziwa pakiti mbili mbili.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Milango imefungwa. Sakafu safi ajabu.

Jumatano, 21 Mei

Kioo cha Phelesia. Zamani kilikuwa kikizibwa na vumbi saa nne. Leo saa tatu kasorobo nilikuwa sijioni. Nimekifuta nikasema labda Phelesia alisahau kukifuta asubuhi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekifuta mwenyewe asubuhi. Saa tatu kasoro dakika ishirini.

Jumanne, 27 Mei

Mkaguzi amekuja. Mtu mstaarabu, hana haraka. Ametazama sakafu, imefagiwa. Ametazama pipa, limejaa. Ametazama mfuko umetuna kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi, akaugonga kwa kalamu, akaandika. Phelesia alikuwa amejizuia kukohoa muda wote huo, uso umemwiva. Mkaguzi alipotoka nje, Phelesia akakohoa zote kwa pamoja. Cheti kimeandikwa jina la karakana na chini yake "msanifu: Milka Maroa". Mzee Japheth amekitia fremu ya mvule, niliyoipiga msasa mimi.

Nimekisoma mara nne. Nilikuwa na furaha. Naona aibu lakini nilikuwa nayo.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeliona.

Mvua ilikatika ghafla kabla ya chai, jua likatoka, na kwa sababu kuna tundu la msumari kwenye bati juu ya kona yetu, mwale mmoja ukashuka mpaka mezani. Ndani ya mwale huo nilitazama hewa ninayoivuta. Ilikuwa nzito, inachemka, inashuka kutoka kwenye mfuko polepole, na chini yake Phelesia ameinamisha shavu lake, mdomo wazi, anapuliza ubao. Nikazima feni. Baada ya muda hewa ikatulia kidogo. Nikaiwasha, ikachafuka tena.

Zamani vumbi liliruka mara moja na kuanguka. Mtambo wangu unaliokota lile zito linalofagilika, na lile jepesi unalisaga kwenye gunia na kutupulizia tena na tena siku nzima. Nimetengeneza mashine ya kumaliza watu, ikapewa cheti.

Nilikwenda kwa Mzee Japheth moja kwa moja.

"Tuizime, Mzee. Inamuumiza."

"Milka, cheti iko kwa ukuta."

"Na vumbi iko kwa mapafu."

"Madawati mia mbili. Watu wa Homa Bay watakuja tena wakati wowote. Wakikuta feni imezimwa nitawaambia nini? Wewe ndio uliwaambia inachujwa."

Hakupaza sauti. Huwa hapazi. Nimemtazama mzee niliyemwona mwema kuliko wote, na nikaona kwamba wema wake una kimo chake, kama meza: unafika kwenye maziwa, hauendi zaidi. Lakini neno lile la mwisho lilikuwa langu. Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 9 Mei nikalisoma kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Nimezima feni mara tatu. Elvis ameiwasha mara tatu. "Orders, msee," ananiambia, yaani ni amri ya mjomba wake, hata haniangalii.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua. Milango imefungwa. Nimemwomba Phelesia akae nyumbani wiki mbili. Amesema madawati yakikwisha. Nimemsihi, akanishika mkono akasema nisijisumbue, maziwa yanamsaidia.

Jumatano, 11 Juni

Phelesia ameanguka.

Ilikuwa saa tano. Alipitisha shavu juu ya ubao wa dawati, akasema, "Sasa imekubali," na hakuinuka. Nilidhani bado anapima. Nilisubiri. Nilisimama pale nikisubiri, feni inanguruma, mpaka nilipoona vidole vyake vimekuwa vya rangi ya majivu. Nikapiga kelele. Elvis alimbeba mgongoni kwenye mvua hadi barabarani, akilia kama mtoto, na sitamtania tena kwa lolote.

Mjini kwetu walimpa hewa kwa mtungi, wakasema apelekwe Homa Bay. Nilikwenda naye. Mzee Japheth alikuja nyuma yetu na shuka, chupa ya chai na maziwa. Yupo kwenye korido wakati naandika hivi, ameshika pakiti kwa mikono miwili. Ningependa kumchukia kwa moyo wote lakini ananifanya nishindwe.

Jumamosi, 14 Juni

Daktari amesema hatakufa sasa. Pia amesema hatapiga msasa tena, hatalima, hatapanda mlima, hatabeba maji. Pafu limekuwa kama ngozi ya ngoma. Ndugu zake wamemchukua kwenda kwao Ndhiwa.

Jumanne, 17 Juni

Mvua imepungua. Saa nne Mzee Japheth amegawa maziwa, na kwa mazoea amenunua pakiti nne. Ile ya nne ilikaa juu ya meza ya matundu mpaka jioni, hakuna aliyeigusa.

Jumapili, 22 Juni

Nimetoka Ndhiwa.

Phelesia amekaa nje ya nyumba kwenye kiti, mto nyuma ya mgongo. Anaongea maneno matatu, anapumzika, matatu, anapumzika. Ameulizia madawati. Amemuulizia Elvis. Ameuliza kama nimepata mwenzangu wa msasa, nikasema hapana. Akanishika kidole cha kati, kile chenye sugu, akakipapasa.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Ndani ya gari nililipanga lote: nilijua tangu tarehe tisa Mei, nikanyamaza kwa sababu waliniita injinia. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mama, ule mfuko..."

"Najua," akasema. "Wewe ulitaka ukuta." Akapumua. "Mwenye ukuta akakataa." Akapumua. "Ulifanya yako."

Na mimi, Mungu anione, nikanyamaza.

Nilipoaga, binti wa dada yake akaleta karanga, kilo mbili au tatu kwenye mfuko wa sukari, karanga za shamba lao, zimechaguliwa moja moja. Nikashukuru. Phelesia akatikisa kichwa.

"Si zako, nyathina. Peleka kwa Mama Jedidah. Mwambie sina kinyongo. Ile maneno ya ukuta imeisha. Mtu akiwa karibu kwenda, hawezi kuacha kinyongo kwa jirani."

Alhamisi, 26 Juni

Nimekaa na karanga siku nne. Leo nimezipeleka. Hatua thelathini.

Mama Jedidah alikuwa akitandaza nguo, kwa sababu sasa kuna jua. Alinikaribisha vizuri, akaniambia nikae, akauliza habari za mgonjwa. Nikampa karanga na ujumbe kama nilivyotumwa, neno kwa neno, kwa heshima.

"Kinyongo ya nini?" akauliza.

"Ya ukuta, Mama."

"Ukuta gani?"

Nikamweleza. Tundu la sentimita ishirini. Kwamba Mzee Japheth alimwomba na yeye akakataa.

Alisimama na kibanio cha nguo mkononi. "Japheth hajaniuliza kitu. Hakuna mtu ameniuliza kitu. Nyinyi mnapita hapa kila siku, na wewe unanisalimia kila siku, 'Oyawore, Mama,' na hakuna mtu ameniuliza." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Tundu ya hivi? Kwa hiyo mama wa watu amekosa pumzi juu ya tundu ya hivi?"

Alikuwa amefanya duara kwa vidole vyake viwili, na kupitia duara hilo niliona kuku wake.

Akanirudishia karanga. "Hizi siwezi kula. Si mimi niliyekosa nisamehewe. Tafuta mwenye makosa, umpe."

Ijumaa, 27 Juni

Nimemuuliza Mzee Japheth. Hakukana. Amesema alijua angekataa, wenye ploti wote wanakataa, sasa kuna haja gani ya kujisumbua kuuliza. Alisema pia kwamba nje feni ingeibiwa. Kisha akasema, bila ubaya wowote usoni, "Na wewe pia si hukuuliza."

Jumamosi, 28 Juni

Jua. Milango imefunguliwa yote, kazi imerudi uwanjani, upepo unapita. Hewa ya ndani imetakata. Elvis amesema, "Unaona, injini ilikuwa inataka kuzoea tu." Mzee Japheth akakubali kwa kichwa. Wanaamini. Mvua fupi zikirudi Oktoba watafunga milango tena.

Jumapili, 29 Juni

Mzee na Elvis wakiwa kanisani nimechukua nyundo na tindo. Mama Jedidah ametoa kuku upande wake na kuketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama ukuta wake. Nilipomwomba aliniambia "toboa" mara moja tu.

Nilichora kwa chaki mahali pale pale. Plasta ilikuwa nyembamba, tofali ni la udongo wa kawaida, limechomwa nusu nusu. Niligonga, nikapumzika, nikagonga. Tofali la kwanza lilitoka zima. Nilipomaliza, nikakata mfuko alioushona Phelesia, mishono yake miwili, nikapitisha bomba, nikaziba kwa udongo, nikawasha feni. Kisha nikaenda upande wa pili kuangalia. Vumbi la njano lilikuwa likitoka, jepesi, linakwenda zake juu ya majani na kupotea.

Mzee Japheth alitukuta hivyo akiwa na suti yake ya kanisa. Alitazama tundu. Alimtazama Mama Jedidah, naye akamtazama mpaka Mzee akaangalia chini. Akaweka kiganja mbele ya bomba, akasikia upepo.

"Kumbe inawezekana, Injinia," akasema.

"Usiniite hivyo tena, Mzee."

Nilikata jina langu kwenye cheti kwa wembe. Karanga ziko hapa mezani ninapoandika. Kesho nitazirudisha Ndhiwa, nimwambie Phelesia alimtumia mtu asiye na kosa, na kwamba mwenye kosa ndiye aliyezibeba. Atauliza ilikuwa kazi ngumu kiasi gani kutoboa. Ananijua, ataniuliza muda.

Saa mbili na nusu, Mama. Pamoja na kupumzika.